Umeme wa Bure Saa Sita Mchana: Nani Yuko Nyumbani?

Msikilizaji wangu, waziri akisimama mbele ya vipaza sauti akasema umeme utakuwa bure, usimshangilie wala usimzomee. Muulize kwanza: saa ngapi?

Swali hilo waliachiwa Waaustralia mwezi Novemba 2025, pale waziri wao wa mabadiliko ya tabianchi na nishati, Chris Bowen, alipotangaza mpango unaoitwa Solar Sharer. Kwa ufupi ni hivi: kampuni zinazouza umeme kwa wananchi zitalazimika kuwa na mpango unaompa mteja wa nyumbani angalau saa tatu za umeme bila malipo kila siku, katikati ya mchana. Si lazima uwe na sola juu ya paa, na si lazima nyumba iwe yako. Unachohitaji ni mita janja, ile inayoandika umetumia kiasi gani na saa ngapi, pamoja na utayari wa kuzihamishia kazi zako kwenye saa hizo. Tarehe iliyowekwa ya kuanza ni Julai 2026, katika majimbo ya New South Wales na South Australia na ile kona ya kusini mashariki ya Queensland. Kwingine kufuate baadaye.

Utaniambia Australia ni mbali. Kwenye ramani, sawa. Lakini huko Brisbane na Adelaide wapo Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi, wengine wakitokea kambi za Kigoma, na nyumbani kwao Kiswahili bado kinasemwa. Mpangaji wa namna hiyo, aliyeanza maisha upya katika nyumba ya mtu, ndiye ambaye mpango huu unasema umemkumbuka. Tena nchi yoyote inayojaza jua au upepo kwenye gridi yake itafika pale Australia ilipofika, mapema au kwa kuchelewa. Heri tuijadili hoja hii kabla haijabisha hodi kwetu.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu auze kitu kwa sifuri. Gridi ya umeme ina sharti moja gumu: kinachozalishwa na kinachotumika lazima vilingane, sekunde kwa sekunde. Australia ina zaidi ya nyumba milioni 4 zenye sola mapaani. Jua likifika utosini, mapaa yote hayo yanazalisha kwa pamoja, na wakati huohuo wenyewe wako kazini, watoto wako shule, taa zimezimwa. Umeme unazidi mahitaji. Bei ya jumla inaporomoka hadi sifuri, na mara nyingi inapita chini ya sifuri, yaani mzalishaji analipa ili umeme wake upokelewe. Mtambo wa makaa ya mawe hauzimwi na kuwashwa kama taa ya sebuleni, kwa hiyo mwenye mtambo anaona bora apate hasara saa chache za mchana kuliko kuuzima, maana jioni atauza ghali. Hapo ni sawa na muuza samaki asiye na barafu: anayekuja na kapu kubwa anapewa karibu bure.

Hali ilifika mahali ambapo Machi 2021, kwa mara ya kwanza, waendeshaji wa gridi waliagiza sola za baadhi ya nyumba za South Australia zizimwe kwa mbali, kwa kuwa matumizi yalikuwa madogo mno na gridi ilikuwa hatarini kuyumba. Mtu amenunua paneli zake kwa pesa yake, jua linawaka, na anazimiwa. Badala ya kuzima jua, basi, mwombe jirani awashe mashine ya kufulia. Kiufundi wazo hilo halina ubishi, na anayelipinga kwa hoja za kiufundi anapoteza muda.

Wala si jipya. Enzi za makaa ya mawe, tatizo lilikuwa usiku. Mitambo iliunguruma mji ukiwa umelala, kwa hiyo umeme wa usiku ukauzwa nafuu ili watu wachemshe maji ya kuogea kwenye matangi. Australia imefanya hivyo kwa miongo mingi. Uingereza ilianzisha mpango wake wa Economy 7 mwaka 1978, saa saba za bei nafuu usiku, na nyumba nyingi zikafungiwa hita zenye matofali ndani yake, yanayohifadhi joto la usiku na kulitoa mchana. Na hapa, sisi watu wa redio tuna haki ya kujisifu kidogo. Mita nyingi za huko zilipokea amri kupitia masafa marefu ya BBC, yaleyale yaliyobeba matangazo ya Radio 4. Mtangazaji anasoma hali ya hewa ya baharini, na ndani ya mawimbi hayohayo, bila sikio la mtu kunasa lolote, inapita ishara ya kuwasha hita za wateja. Huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu katikati ya 2025. Miaka arobaini hivi redio ilikuwa ikiwasha hita za watu, na wengi wao hawakujua.

Nimeitaja hadithi hiyo kwa sababu moja. Katika mpango ule wa zamani, bibi kizee wa Manchester hakutakiwa kufanya chochote. Hakuamka saa nane za usiku kubonyeza swichi. Hita ndiyo iliyoamka, yeye akalala. Mpango wa sasa, kwa yule asiye na vifaa vinavyojiwasha vyenyewe, unamtaka mtu ndiye abadilike.

Tuje sasa kwenye haki, na nitaanza na upande unaonishawishi.

Wenye mapaa wamekuwa wakipata umeme wa mchana kwa karibu bure siku zote, na hawakufika hapo kwa fedha zao peke yao. Jimbo la New South Wales lilianzisha mpango mwaka 2010 wa kumlipa mwenye sola senti 60 kwa kila uniti, bei iliyokuwa juu sana kuliko ile ambayo mteja wa kawaida alikuwa ananunulia umeme. Watu waliukimbilia kiasi kwamba serikali ililazimika kuufunga haraka kwa wateja wapya, lakini waliokwisha kuingia waliendelea kunufaika hadi mwisho wa 2016. Sehemu kubwa ya mzigo huo iliingia kwenye mfumo ambao wateja wote huulipia. Hadi leo ruzuku ya kufunga sola hupitia vyeti ambavyo kampuni za umeme hulazimika kununua, na gharama yake huishia ndani ya bili ya kila mtu. Mpangaji wa ghorofa ya tano, asiye na paa wala ruhusa ya kupigilia hata msumari, amekuwa akichangia paneli za mwenye nyumba wa mtaa wa pili. Kwa mtazamo huo, kumpa saa tatu za mchana ni kumrudishia kidogo katika alichochanga. Mimi hapo sina kinyongo hata kidogo.

Kuna hoja nyingine ya upande huohuo ambayo wakosoaji huipita haraka. Wanasema: mchana nani yuko nyumbani? Wako watu wengi. Mzee aliyestaafu yuko nyumbani. Mama mwenye mtoto mchanga yuko. Yupo mlemavu na anayemhudumia, yupo asiye na kazi. Tena, majira ya joto, Adelaide hupita nyuzi 40, na mzee anayeiogopa bili hukaa kwenye joto hilo na kiyoyozi kimezimwa. Saa tatu za kupoza nyumba bila kuhesabu senti zinaweza kuwa suala la afya. Aliye ofisini siku hiyo, hata kama ana mshahara mnono, amepozwa na kiyoyozi cha mwajiri.

Lakini tupige hesabu, kwa sababu neno "bure" lina tabia ya kuwazuia watu wasihesabu. Chukua saa tatu hizohizo katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina gari la umeme na chaja ya kilowati 7 ukutani. Saa tatu mara saba, uniti 21, na bado hujagusa betri ya nyumba, ambayo nayo itajazwa mchana na kutumika usiku. Mwenyewe hayupo hata nyumbani, yuko kazini kama siku zote. Gari liko kwenye maegesho limechomekwa, programu kwenye simu inajua saa ya kuanza na ya kuacha. Nyumba ya pili ni ya yule mzee. Kafua nguo, uniti moja au isiyofika. Kapika, kawasha kiyoyozi chake kimoja kidogo. Akijitahidi sana, na akachoka sana, hafiki nusu ya yule aliyelichomeka gari lake na kwenda zake kazini.

Kwa hiyo wote wamepewa kitu kimoja, na waliochukua wamechukua kwa ukubwa wa vyombo vyao. Ndiyo maana ningekuwa mshauri wa nchi yoyote inayofikiria mpango kama huu, ningeanza na kikomo: uniti kadhaa za bure kwa siku kwa kila nyumba, kiasi kinachotosha kuchemsha maji, kufua, kupika na kupoza chumba, halafu anayeendelea kujaza gari lake alipe, hata kama ni bei ya chini. Umeme wa ziada bado utatumika, na gridi haitakosa wateja.

Tena nimesema kuchemsha maji, na hapo pana tundu ambalo wanasiasa hawalizungumzii sana. Kwa mpangaji, hazina kubwa ya saa hizo tatu ni tangi la maji ya moto. Tangi likichemka mchana, familia inaoga jioni na asubuhi kwa umeme wa bure, bila mtu kusumbuka. Lakini tangi si lake. Kulifungia kifaa cha kupangia muda kunahitaji fundi, na fundi anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba haoni faida yoyote maana bili si yake. Kama hita yenyewe ni ya gesi, mjadala umekwisha. Mpangaji aliyetajwa kwenye hotuba anabaki na mashine ya kufulia, na huku mwenye nyumba anayeishi kwenye nyumba yake anapanga vyombo vyake anavyotaka.

Halafu wako wanaofanya kazi usiku: wauguzi, walinzi, wasafishaji wa maofisi, na katika kundi hilo wahamiaji hawakosekani. Saa tano asubuhi hadi saa nane mchana ndio usiku wao. Ukiwaambia waamke wakafue ili waokoe dola, umewauzia umeme kwa malipo ya usingizi. Na katika nyumba nyingi, tukisema "familia itahamisha kazi zake", tunajua fika ni nani katika hiyo familia atakayezihamisha. Baba hataacha kikao arudi kuanika nguo.

Sasa tufike kwenye bei, na kwangu hapa ndipo mizani inapolalia. Umeme wa mchana unaweza kuwa na thamani ya sifuri sokoni, lakini nguzo, nyaya, transfoma na mafundi hawana thamani ya sifuri saa yoyote. Kila nyumba Australia hulipa tozo ya kila siku ya kuunganishwa tu, uwashe au usiwashe, na tozo hiyo haifutwi na saa za bure. Kampuni nayo hainunui umeme wote kwa bei ya saa hiyo. Imefunga mikataba mapema. Kama haikusanyi kitu mchana, itatafuta pa kufidia, na mahali rahisi kuliko pote ni jioni, jua likishazama na kila mtu yuko jikoni.

Texas walitangulia kuonyesha hili. Huko ziada inatokana na upepo unaovuma usiku, na kwa miaka sasa kampuni zimekuwa zikiuza mipango ya usiku wa bure. Soma mikataba yenyewe utakuta bei ya mchana imepanda juu kuliko mipango ya kawaida. Anayeweza kubeba matumizi yake kuyapeleka usiku anafaidi, na asiyeweza anamlipia mwenzake. Kampuni haikudanganya, kila kitu kimeandikwa, tatizo ni kwamba kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni "bure".

Australia wana kinga fulani: mpango huu umewekwa ndani ya bei ya msingi inayopangwa na mdhibiti wa soko la nishati, siyo kila kampuni ijipangie inavyotaka, na mteja hujiunga kwa hiari. Hizo si kinga za kubeza. Lakini hiari ina maana pale tu mtu anapoweza kujua kama atapata au atapoteza, na kulijua hilo lazima ajue matumizi yake ya jioni. Kwa maoni yangu, mpango wa namna hii upimwe kwa bei ya saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Kama bei hiyo haikupanda kwa sababu ya saa za bure, zawadi ni ya kweli hata kwa yule asiyeweza kuitumia, maana hakupoteza kitu. Kama imepanda, basi mwenye gari la umeme ameongezewa ruzuku, na safari hii mlipaji ni muuguzi wa zamu.

Na sisi huku? Afrika Mashariki tumekwishaonja nusu ya jambo hili, ila si majumbani. Kenya, tangu Desemba 2017, viwanda na wafanyabiashara wakubwa wanapata nusu ya bei ya umeme kwa matumizi ya ziada katika saa za usiku. Sababu ni mvuke wa Olkaria. Jotoardhi halilali, mvuke unatoka ardhini saa zote, na usiku nchi ikilala sehemu ya mvuke ilikuwa inaachwa ipotee hewani. Hoja ni ileile ya jua la Adelaide, ila saa zake ni za usiku na aliyekaribishwa mezani ni mwenye kiwanda. Mama wa Kayole, Nairobi, anayepiga pasi sare za watoto saa tano usiku analipa bei yake ya kawaida.

Kwa mwananchi wa kawaida, nchi zetu zimechagua njia nyingine ya kutafuta haki: kiasi, badala ya saa. Tanzania, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi ananunua kwa shilingi 100 kwa uniti, na akivuka hapo mara kwa mara anahamishiwa kundi la shilingi 292. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, tangu 2003 kaya maskini zilizounganishwa kwenye gridi hupewa kiasi fulani cha umeme wa bure, kilichoanza na uniti 50 kwa mwezi. Uniti hizo unazitumia unapotaka. Ukitaka zote jioni, ni zako. Nikilinganisha, njia ya kiasi inamheshimu zaidi mtu mwenye maisha yasiyopangika, lakini haiisaidii gridi, haimwambii mtu yeyote apunguze saa mbili usiku wakati mitambo imeelemewa.

Wako watakaosema Tanzania tungeweza kuanza hata kesho, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na mwaka 2024, mvua zilipokuwa nyingi, shirika la umeme, TANESCO, lilitangaza kuzima baadhi ya vituo vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Ni hoja nzuri, ila maji si jua. Maji yakizidi mchana yanakaa bwawani yakingoja jioni, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyagawa bure saa sita. Ila yakija mafuriko na bwawa limejaa, maji yatafunguliwa yapite hata kama hakuna anayeyahitaji, na hapo kungekuwa na mantiki ya kutoa umeme nafuu kwa msimu mzima wa masika, si kwa saa. Nchi inayotaka asilimia 80 ya wananchi wake wapikie nishati safi ifikapo 2034 ingepata hapo nafasi ya kumshawishi mtu aachane na gunia la mkaa walau kwa miezi mitatu, aone maharage yanavyoiva kwenye jiko la presha la umeme na aone LUKU, umeme wake wa kulipia kabla, imekwenda kiasi gani.

Lakini kabla hatujafika huko, tumalize kwanza jambo la mita. Nenda Manzese, nenda Tandale, pale Dar es Salaam, nenda nyumba yoyote ya vyumba nane yenye wapangaji wanane na mita moja ya LUKU iliyo chumbani kwa mwenye nyumba au kwenye korido. Wapangaji hao kila mmoja anatumia taa mbili, redio na kuchaji simu. Mmojammoja, wote wangekuwa wateja wadogo wa shilingi 100. Wakijumlishwa kwenye mita moja wanaweza kuvuka uniti 75 kabla mwezi haujaisha, na wote wakalipa 292 kama mwenye friji tatu. Nafuu iliyotungwa kwa ajili yao haiwafikii kwa sababu imeandikwa kwa jina la mita. Saa za bure zingepita njia hiyohiyo. Zingeingia kwenye mita ya korido, na mwenye nyumba angeendelea kukusanya elfu tano tano za mwezi kama kawaida, bila kumtajia mpangaji yeyote kwamba jana kuanzia saa tano hadi saa nane umeme haukuwa na bei.

Kwa hiyo msikilizaji, siku wadhibiti wa nishati, EWURA wa Tanzania au EPRA wa Kenya, watakapoita wananchi kutoa maoni juu ya mpango wa aina hii, na mikutano hiyo huwa wazi kwa kila mtu, mimi ningeomba aende mpangaji mmoja kutoka nyumba kama hiyo, akae kiti cha mbele, na aulize mita yake itafungwa lini.